Marahaba Iliyochelewa

Nimewahi kumchapa mtu kwa mwiko. Nimewahi kumtukana mwenye nyumba mbele ya wapangaji wake, na mchumba mmoja wa binti yangu nilimmwagia maji ya vyombo. Hayo yote nikiyakumbuka nacheka peke yangu. Linalonikaba ni neno moja ambalo sikulisema siku nilipotakiwa kulisema, jikoni kwetu Herndon, huku Amerika, vitumbua vikiwa motoni.

Neno lenyewe ni marahaba. Mdogo akikwambia shikamoo, wewe mkubwa unasema marahaba, basi, dunia inaendelea. Halichoshi ulimi. Hata kama umegombana na jirani yako mpaka mmetupiana mawe, mtoto wake akikuamkia unaitikia, maana mtoto hana kosa. Kwetu Tabora mlevi aliyelala mtaroni, akiamkiwa na mtoto anayepita, anainua kichwa, anaitikia, ndipo anarudi kulala. Sasa mimi, mtu mzima, nisiyegusa pombe, nilishindwa na mlevi wa mtaroni.

Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo naandika kama ninavyosema.

Mjukuu wangu nilimlea mwenyewe tangu hajaota meno. Mama yake alitangulia Amerika kusomea uuguzi, akaniachia kichanga. Nilimfundisha kutembea, kuosha sufuria mpaka nje, na kuamkia wakubwa kwa kupiga magoti, yote mawili chini, na hasimami mpaka aitikiwe. Mtaa mzima walikuwa wanamsifu. Nikapanda kichwa. Nikimtuma dukani nilimwelekeza njia ndefu ya kupita msikitini na sokoni, ili apate watu wengi wa kuwaamkia na wao wapate kuuliza huyu mtoto wa nani. Alikuwa anarudi na kiberiti mkononi na magoti yana vumbi jekundu, na mimi naliangalia lile vumbi kama mtu mwingine anavyoangalia dhahabu.

Kwa utani nilimwita mke mwenzangu, kama bibi anavyomwita mjukuu wa kike. Marehemu babu yake alikuwa akimgombania na mimi: "Huyu ndiye mke, wewe umezeeka." Alipofikisha miaka kumi mama yake akatuita wote wawili, tukahamia Virginia, kwenye nyumba ya ghorofa ambako ndege za uwanja wa Dulles zinapita juu ya paa kama zinatafuta pa kukaa. Mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati ninaousema, yule mtoto wa kiberiti alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule College Park, analala hukohuko, anakuja kwetu kila Jumapili. Nilikuwa siwezi kununua kitunguu bila kumwambia muuzaji kwamba mjukuu wangu yuko chuo kikuu.

Mimi mwenyewe nilikuwa na kazi ya kushinda na ajuza mmoja wa Kitaliano, mjane, nyumba yake haiko mbali na ile reli ya zamani waliyoing'oa wakaifanya njia ya baiskeli. Nampikia, namwogesha, namtembeza. Nikiingia asubuhi ananiambia "chao." Nikitoka jioni, "chao." Mwanzoni nilishangaa, neno gani hili halijui mlango wa kuingia na wa kutoka. Nikalizoea. Tukawa tunatupiana kama mpira, chao, chao, mpaka siku nyingine nilimuaga binti yangu nyumbani kwa chao akanitazama kama nimevaa viatu vya mtu.

Sasa Jumapili moja mjukuu wangu akaja na kazi ya chuo. Alikuwa anasoma somo la lugha, mwalimu kawataka kila mmoja achague neno fupi la Ulaya, alifuate lilikotoka na lilikopita.

"Bibi, nipe neno," akasema, anakula huku anaongea. "Wenzangu wote wamechukua maneno makubwa makubwa."

"Chukua chao," nikamwambia. "La Mtaliano wangu."

Akaacha kutafuna. Akasema ni zuri sana. Wiki ile yote nilitembea na kiburi kama nimejifungua. Niliwaambia wanawake wenzangu wa darsa, nikamwambia na Mtaliano mwenyewe, kwamba neno nililolitoa mimi, mtu wa darasa la nne, linasomwa chuo kikuu.

Jumapili aliyoleta majibu tulikuwa na wageni. Mmoja alikuwa mzee wa Tanga, dereva mstaafu, mtu wa maneno, anayeamini watu wa bara tulifundishwa kunawa mikono na watu wa pwani. Biriani imeshaliwa, tunashushia chai. Mjukuu wangu akakaa chini kwenye zulia na karatasi zake.

"Bibi, lile neno lako nimeli-research. Limezunguka Ulaya nzima."

"Nilijua," nikasema. Wageni wakacheka.

Akaeleza. Zamani kule Venisi, watu wakikutana au wakiachana, kwa adabu tu, walikuwa wanaambiana "mtumwa wako." Si kwamba ni mtumwa kweli. Ni kama mtu wa zamani alivyokuwa akimaliza barua kwa kusema mimi mtumishi wako mtiifu. Kwa lahaja yao ilikuwa kama s-chavo. Ikasagika midomoni mwa watu, ikapoteza mfupa mmoja baada ya mwingine, ikabaki chao. Waitaliano wote wakaichukua. Wajerumani wakaichukua, Wafaransa, Wareno, Wabulgaria, Wacheki. Kwa Waitaliano ni ya kuja na ya kwenda, kwa wengi wengine ni ya kuagana tu.

"Lakini ngoja," akasema, macho yanawaka, na mimi nikawa nawaangalia wageni badala ya kumwangalia yeye, nione kama wanamwona. "Hilo neno la mtumwa lenyewe, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, kote ni moja, limebadili nguo tu. Limetokana na jina la watu. Waslavi. Walikamatwa na kuuzwa kwa wingi mpaka jina la kabila likawa jina la mtumwa. Na Wabulgaria na Wacheki ni Waslavi. Kwa hiyo wakiagana chao wanasema jina lao wenyewe, bila kujua."

Nikasema mashaallah. Sikuwa nimeelewa yote, ila niliona mzee wa Tanga ameweka kikombe chini, na hiyo ilinitosha.

Kumbe alikiweka chini ili apate kucheka vizuri. "Mwanangu," akasema, "umekwenda mbali bure. Hujaisikia shikamoo? Nashika miguu yako. Ni nani aliyekuwa akishika miguu ya mwenzake? Mtumwa kwa bwana wake. Nyie wa bara mmeipokea tu kama kanzu ya mtumba, hamjui ilikuwa ya nani."

"Sisi wa bara tuna adabu," nikamwambia. "Nyie mna maneno."

"Mama, usikasirike. Nyie wa Tabora ndio mngetusimulia. Misafara yote ilipitia kwenu."

"Ilipitia, haikulala."

Watu wakacheka, nikadhani nimeshinda. Lakini mjukuu wangu hakucheka. Akageuza shingo akanitazama kutoka pale kwenye zulia. "Kwetu je, bibi? Walikuwepo?"

Nikasema, "Kwetu hakuna mtumwa. Sisi waungwana, kwa baba na kwa mama."

Nililisema kwa sauti, kikombe mkononi, mbele ya watu wote. Na lilipotoka nikahisi kama kuna mtu amenivuta upindo wa khanga kwa nyuma.

Maana bibi yangu mimi, mzaa baba, aliletwa Tabora kutoka Manyema, kule Kongo, akiwa mtoto anayeng'oka meno ya mbele. Alinunuliwa. Alikulia jikoni kwa tajiri mmoja, na akaolewa kutokea humohumo jikoni. Mimi nimemkuta ameshakuwa kikongwe, amekaa kwenye kigoda anachambua karanga. Tukipiga magoti mbele yake, hatujamaliza kusema shikamoo, ameshatuwekea mkono chini ya kiwiko anatunyanyua: "Marahaba, inuka. Inuka." Mabibi wa wenzetu walikuwa wanawaacha watoto chini, wanawauliza hali ya mama, hali ya kuku, mpaka wachoke. Wetu hapana. Watoto wa jirani walikuwa wanatucheka kwamba bibi yenu anaogopa kuamkiwa. Nilipokuwa msichana shangazi akaniambia sababu, na akanishika sikio alipokuwa ananiambia, ili nikumbuke kwamba hilo halitoki nje. Halikutoka. Nililiweka vizuri mno, mpaka siku nilipoulizwa na damu yangu mwenyewe nikalificha na kwake.

Mjukuu wangu akakunja karatasi zake. Akasema polepole kwamba yeye sasa hajui kama ataweza kuendelea kuamkia watu hivyo. Si kwa ubaya. Ila akijua neno lilikotoka, litamkwama.

Mama yake akamkemea. Mzee wa Tanga akasema waacheni vijana. Mimi nilikuwa nimevimba. Niliona nimevuliwa nguo mbele ya wageni, na aliyenivua ni yule niliyemfundisha kuvaa. Alipokuwa anaondoka akasimama mlangoni, akajaribu kunichekesha: "Chao, mke mwenza."

Angeniambia hivyo wiki moja kabla, ningecheka. Siku ile nikageukia sinki.

Jumapili iliyofuata alikuja mapema, mama yake akiwa bado kazini. Nilikuwa jikoni napika vitumbua, chakula anachokipenda kuliko vyote. Hiyo ndiyo akili yangu ilivyokuwa: mkono unampikia, moyo umefungwa.

"Bibi," akasema.

Nikageuza kitumbua.

"Bibi, usi-take personal yale maneno."

Nikageuza kingine. Sikumtazama.

Akaweka mkoba wake chini. Nikasikia suruali ya jinzi inakunjika. Yule msichana, ambaye kwa wakati huo alikuwa ananipita kwa kichwa kizima, alikuwa amepiga magoti kwenye ile sakafu ya plastiki, yote mawili, mikono mapajani, kama nilivyomfundisha uani Tabora. "Shikamoo, bibi."

Nilisikia. Sitaki kusema mafuta yalikuwa yanapiga kelele. Nilisikia kila herufi. Nikajisemea asubiri kidogo, aone neno la bibi yake lina uzito gani. Aone kwamba chuo hakijamfundisha yote. Nikachota unga, nikamimina, nikazungusha kikaango. Hicho kidogo nilichokitaka kikarefuka, nami nikazidi kukivuta, kwa sababu nilidhani ninao muda. Mkubwa siku zote anadhani anao muda. Yule aliye chini atakwenda wapi? Hasimami mpaka aitikiwe.

Akasimama.

"Sawa, bibi," akasema. Akachukua mkoba, mlango ukafungwa taratibu. Angeubamiza ningepata pa kushika. Ningesema hana adabu.

Binti yangu aliporudi na sare yake ya hospitali akakuta sahani imejaa.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kaondoka."

"Kala?"

"Hajala."

Akaniangalia. Akaenda chumbani na simu. Alipotoka alikuwa na uso ambao sikuuzoea kwake, uso wa mkubwa kwangu.

"Mama, umemwacha mtoto chini?"

"Si alisema haamkii tena mtu?"

"Na alipoamkia?"

Akavua viatu vyake vya kazi, akakaa na miguu imevimba, akala kitumbua kimoja kavu bila chai, ananitazama. Nadhani alikuwa anakumbuka magoti yake mwenyewe.

Baada ya hapo Jumapili zikawa ndefu. Mjukuu alikuwa anaongea na mama yake kwa simu, mimi napita kwenye ujia na kitambaa cha kufutia vumbi ambalo halipo. Sikuulizwa. Zamani alikuwa akimaliza na mama yake anasema nipe mke mwenzangu. Sasa nasikia simu inawekwa. Nikiingia jikoni naona ile sehemu ya sakafu, kati ya jiko na friji. Nikaanza kuizunguka. Mtu mzima na akili zangu nazunguka sakafu, nakanyaga pembeni kama kuna mtu amelala pale.

Nilikuwa na aibu mbili na zote zimekaa mahali pamoja. Nimemwacha mtoto chini. Na nimemkana yule ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwacha mtoto chini.

Siku moja kazini, namfunga Mtaliano wangu vifungo vya sweta, nikamuuliza. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, ndiyo maana tulikuwa tunaelewana.

"Unajua kwamba kila siku unaniambia wewe ni mtumwa wangu?"

Alicheka mpaka nikamshika mgongo. "Nani kakwambia hayo?"

"Mjukuu wangu. Wa chuo kikuu."

"Ana akili."

"Najua."

"Sasa na wewe si unaniambia hivyohivyo? Mimi mtumwa wako, wewe mtumwa wangu. Hakuna bwana humu ndani. Ila nani anapika?" Akacheka tena. Halafu akaangalia mikono yangu kwenye vifungo. Akaniambia mama yake alikuwa mtumishi kwenye nyumba ya matajiri, karibu na Venisi. Kila asubuhi anainama mbele ya mama mwenye nyumba na kumsalimu. Kuna asubuhi yule mwanamke anaitikia, na kuna asubuhi anaendelea kusoma gazeti. "Mama alisema kuinama hakuumi. Mgongo ni wa kuinama. Kinachouma ni pale umeinama, na mtu anafungua ukurasa mwingine."

Nikafunga kifungo cha mwisho vibaya, nikakifungua, nikakifunga tena.

"Una nini?" akaniuliza.

"Nimefungua ukurasa," nikamwambia. Hakuelewa, wala sikumweleza. Jioni aliponiambia chao nilimjibu haraka, kwa sauti kubwa, mpaka akashtuka.

Ijumaa iliyofuata nikaloweka mchele usiku, Jumamosi asubuhi nikasaga na nazi, nikapika vitumbua nikavifunga kwenye kopo la biskuti. Binti yangu akanikuta nimevaa koti.

"Unakwenda wapi?"

"College Park."

"Peke yako? Nisubiri nikupeleke na gari kesho."

"Nilimwacha peke yangu," nikasema, "nitamfuata peke yangu."

Hakubishana. Akaniandikia rangi za treni kwenye kipande cha bahasha. Basi mpaka West Falls Church, treni ya rangi ya chungwa hadi mjini, nyekundu, kisha ya kijani. Nilikuwa sijawahi kufika huko bila kuendeshwa. Kwenye treni nyekundu niliulizia mpaka watu wakachoka. Kopo nimelipakata, lina joto kwenye mapaja. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mkubwa kwetu hamwombi mtoto radhi. Sijawahi kuona. Mama yangu akikuonea, jioni anakuwekea mnofu mkubwa kwenye sahani, unaelewa. Nikasema vitumbua vitaeleza. Kituo kikipita, nikasema havitaeleza. Aliviona vikigeuzwa.

Mabweni yao ni marefu kama hospitali. Majani yote yameshapukutika, vijana wanapita na vikombe vya kahawa, hakuna anayeamkia mtu. Msichana mmoja mwenye nywele nyekundu akanifungulia mlango wa chini na kunipandisha. Nikagonga.

Alifungua akiwa na soksi, penseli imechomekwa kwenye nywele. Macho yakamtoka. "Bibi? Umekujaje? Nani kakuleta? Mama yuko wapi?"

"Marahaba," nikasema.

"Nini?"

"Marahaba. Inuka."

Alinitazama. "Bibi, nimesimama."

"Najua umesimama. Ni mimi nimechelewa."

Ikamchukua muda. Nikaona inamfika, kwanza kwenye kidevu. Hakunikumbatia. Aligeuka, akaenda dirishani, akaniachia mlango wazi, mimi niko pale na kopo langu kama mchuuzi. Nikaingia, nikakaa kwenye kitanda chake bila kukaribishwa.

"Yale magoti yaliniuma," akasema kwa dirisha. "Si sakafu. Nilikuwa naangalia mkono wako. Nikasema akigeuza hiki ataitikia. Ukageuza. Nikasema labda hiki kingine."

Nikasema, "Nilikusikia."

"Najua ulinisikia. Ndicho kilichouma."

Nikamwambia basi habari ya yule wa Manyema. Nilimwambia yote ninayoyajua, na si mengi: meno ya mbele, jikoni kwa tajiri, kigoda, karanga, mkono chini ya kiwiko. Nikamwonyesha jinsi alivyokuwa anatunyanyua. Alikuja akakaa kwenye kiti mbele yangu.

"Nilikuuliza," akasema. "Mbele ya watu wote nilikuuliza, bibi."

"Uliniuliza."

"Ukasema hakuna."

"Mzee wa Tanga alikuwa anacheka."

"Kwa hiyo ukamkana bibi yako kwa sababu mzee wa Tanga anacheka?"

"Ndiyo."

"Halafu mimi ukaniacha chini kwa sababu nilisema kweli?"

"Ndiyo," nikasema. Nilikuwa namjibu kama nilivyokuwa namjibu mwalimu wa darasa la nne, mikono magotini. Yeye akaona hivyo, na nadhani hakupenda kuniona hivyo, maana alinyanyuka ghafla akalifungua kopo.

"Vimepoa," akasema.

"Kuna treni tatu."

Akala. Akanipa na mimi kimoja. Tulikula, unga wa sukari unadondokea vitabu vyake. Nilidhani yamekwisha. Nikaanza kupumua.

"Bibi, alikuwa anaitwa nani?"

Nikamtajia jina tulilokuwa tunamwita.

"Hilo ni la Kiislamu. Alipewa Tabora na wenye nyumba. La kwao, alilopewa na mama yake?"

Nilitafuta. Naapa nilitafuta, pale kitandani, kitumbua mkononi, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba ambao anajua ni mtupu. Sikuwahi kumuuliza. Nilipiga magoti mbele yake kila asubuhi ya utoto wangu, akaninyanyua kila asubuhi, na sikuwahi kumuuliza mama yake alimwitaje.

"Sijui."

"Kijiji?"

"Manyema."

"Manyema ni nchi nzima, bibi." Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana liliingia zaidi. Akachomoa penseli kwenye nywele, akaishika, hakuandika kitu. "Kwa hiyo Waslavi walau wamebaki na jina," akasema, "hata kama limegeuzwa chao."

Alinisindikiza mpaka kituoni, akaning'ang'ania mkono kwenye ngazi kana kwamba mimi ndiye mtoto. Jumapili akaja. Mlangoni akasimama wima, akaniambia amefikiri: wengine ataangalia, ila mimi ataniamkia, kwa ajili ya yule aliyekuwa anawanyanyua watoto. "Lakini magoti sipigi," akasema. Nikamwambia hata ukitaka nitakuzuia.

Mzee wa Tanga alipokuja tena aliambiwa "Habari yako, mzee," akanitazama mimi ili nimkemee mtoto. Badala yake nikamwambia, sahani ikiwa mbele yake, kwamba bibi yangu mzaa baba alikuwa mtumwa, alinunuliwa, na mimi siku ile nilisema uongo. Mzee alitafuna mpaka akamaliza alichokuwa nacho mdomoni. Kisha akasema tumsogezee kachumbari.

Mjukuu wangu sasa ni mama wa watu. Bado ananiamkia. Hajafika nusu ya neno nimeshaitikia, marahaba, marahaba, inuka, na yeye yuko wima ananicheka, na watoto wake wanaiga, inuka, inuka, wanarukaruka kwenye ile sakafu ya jikoni. Wageni wanasema bibi huyu ana haraka ya nini. Nawaacha waseme. Watoto wakishatoka nje kucheza huwa nabaki pale kati ya jiko na friji, nataka kumwamkia yule wa Manyema, nakosa nimwite nani.